Somo la Redio: Daktari wa Mtoto Mbele ya Hakimu

MTANGAZAJI: Leo tunazungumza na darasa la Kinyangiri, wilaya ya Mkalama, mkoa wa Singida. Somo letu ni juu ya daktari wa watoto na mahakama: hukutana wapi, kila mmoja ana kazi gani, na mzazi anatakiwa afanye nini kati yao. Kila mwanafunzi awe na karatasi na kalamu. Mwenye mtoto mdogo achukue na kadi yake ya kliniki, maana tutaitumia. Mwalimu, karibu.

MWALIMU: Asante. Wazee wangu, shikamooni.

MZEE: Marahaba, Mwalimu. Karibu.

MWALIMU: Na ninyi wengine hamjambo? Haya, tuanze. Tuseme mtoto wa miezi sita ameletwa kwenye kituo cha afya. Mkono wake umevimba, naye analia kila ukiguswa. Aliyemleta anasema, "Alianguka alipokuwa akitembea." Mama, wewe umelea watoto. Unasemaje juu ya maneno hayo?

MAMA: Mwalimu, mtoto wa miezi sita hatembei. Hata kutambaa wengi bado.

MWALIMU: Vema. Wewe umeona, na daktari naye ataona. Mtoto mwenyewe hawezi kusema. Hajui neno hata moja. Lakini mwili wake unasema, na daktari amefundishwa kuusoma mwili kama ninyi mnavyofundishwa kusoma kitabu. Hapo ndipo daktari na mahakama wanapokutana. Daktari husoma mwili wa mtoto, akaandika aliyoyaona, na hakimu husoma maandishi yake.

MZEE: Kwa hiyo daktari ndiye anayemfunga mtu?

MWALIMU: Hapana, Mzee wangu. Hapa watu wengi hukosea, kwa hiyo tuandike jambo hili la kwanza. Daktari hutibu, na huandika aliyoyaona. Polisi hupeleleza nani amefanya, lini na wapi. Hakimu husikiliza pande zote mbili kisha hutoa hukumu. Hizi ni kazi tatu za watu watatu. Daktari anaweza kusema, "Mfupa huu umevunjika." Hawezi kusema, "Baba ndiye aliyeuvunja," kwa kuwa hakuwapo.

MAMA: Je, zamani madaktari hawakuyaona mambo haya?

MWALIMU: Waliyaona, lakini wengi hawakuthubutu kuyasema. Mwaka 1946 daktari mmoja wa Marekani, John Caffey, aliandika juu ya watoto wachanga 6 ambao damu ilikuwa imekusanyika ndani ya vichwa vyao, na picha za eksirei zikaonyesha mifupa iliyovunjika. Wazazi hawakueleza ajali yoyote. Miaka 16 ikapita. Mwaka 1962 daktari wa watoto aitwaye Henry Kempe, wa mji wa Denver, pamoja na wenzake, walitoa makala iliyosema wazi kwamba watoto wengine huumizwa na watu wanaowalea. Madaktari wengi walishtuka, maana ni vigumu kuamini kwamba mzazi aweza kufanya hivyo. Lakini kufika mwaka 1967 majimbo yote ya Marekani yalikuwa na sheria ya kumtaka daktari atoe taarifa akiona dalili hizo.

MZEE: Na kwetu?

MWALIMU: Kwetu ipo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Inasema mtoto ni mtu yeyote aliye chini ya umri wa miaka 18. Inakataza kumtesa mtoto na kumpa adhabu ya kikatili. Tena inamtaka kila mtu katika jamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe habari kwa serikali ya mitaa ya mahali pale. Angalieni: kila mtu. Daktari yumo, mwuguzi yumo, mwalimu wa shule yumo, jirani yumo, nawe Mzee umo.

MZEE: Mwalimu, niseme kweli. Sisi tumezoea kwamba mambo ya nyumbani humalizwa nyumbani. Wazee hukaa chini ya mti, mkosaji hutoa mbuzi, shauri likaisha. Kwa nini twende mbali?

MWALIMU: Nashukuru umesema, kwa sababu wengi wanafikiri hivyo lakini hunyamaza. Sasa nikuulize. Mbuzi yule huliwa na nani?

MZEE: Na wazee. Na baba wa mtoto hupata sehemu yake.

MWALIMU: Na mtoto aliyeumizwa hupata nini?

MZEE: Hupata... Basi, Mwalimu, nimekuelewa.

MWALIMU: Wazee wana kazi kubwa ya kupatanisha watu wagombanapo juu ya mpaka wa shamba au mifugo iliyokula mtama. Lakini mtoto aliyevunjwa mkono si mpaka wa shamba. Akirudishwa katika nyumba ile ile bila mtu kuangalia, safari ya pili huenda asivunjwe mkono tu. Daktari hajali mbuzi amelipwa au hakulipwa. Anajali kama mtoto ataletwa tena, naye yu katika hali gani.

Sasa tuifuate karatasi. Mtoto anapoumizwa na mtu, polisi hutoa fomu yao namba 3, ambayo watu wote huiita PF3. Mzazi huipeleka kwa daktari. Daktari humpima mtoto, huandika katika fomu aina ya jeraha, mahali lilipo na ukubwa wake, hutia sahihi, na fomu hurudi polisi. Mashtaka yakifunguliwa, fomu hiyo hupelekwa mahakamani kuwa ushahidi. Mshtakiwa naye ana haki. Anaweza kuomba daktari aliyeandika aitwe, asimame kizimbani, aulizwe maswali. Ndiyo sababu daktari mwangalifu huandika kama mtu anayejua kwamba ataulizwa baada ya mwaka mzima, wakati amekwisha kuona wagonjwa wengine mia nyingi.

MAMA: Aandike namna gani?

MWALIMU: Sikilizeni sentensi mbili, mniambie ipi ni bora. Ya kwanza: "Mtoto amepigwa vibaya sana." Ya pili: "Paja la kushoto lina michubuko mitatu, kila mmoja urefu wa sentimita 4, rangi yake nyekundu."

MAMA: Ya pili. Naiona kwa macho.

MWALIMU: Na hakimu naye ataiona kwa macho, ingawa kidonda kitakuwa kimekwisha kupona siku hiyo. Sentensi ya kwanza ni hasira ya daktari. Ya pili ni ushahidi.

MZEE: Ikiwa mtoto anatokwa damu, nasi hatujapata PF3, tufanye nini? Kutoka vijiji vingine hadi kituo cha polisi ni mbali.

MWALIMU: Nendeni kwenye matibabu. Mtoto anayetokwa damu au anayepumua kwa shida hutibiwa kwanza, na karatasi hufuata. Mtu mmoja aende polisi huku mwingine yuko na mtoto. Msikae njiani mkingoja fomu. Fomu huandikwa hata kesho, lakini damu iliyomwagika hairudi.

Jambo lingine nataka mlijue, hasa ninyi mnaoogopa kwamba daktari atamsingizia mtu. Daktari mzuri humlinda pia mzazi asiye na kosa. Watoto wengi wa Kiafrika huzaliwa na madoa ya rangi ya bluu matakoni au mgongoni. Mgeni asiyeyajua aweza kudhani ni alama za kipigo, kumbe ni ngozi tu, na hufifia mtoto anapokua. Chale za mganga wa kienyeji nazo zina umbo lake. Ugonjwa wa matege hudhoofisha mifupa. Kuna na magonjwa ya damu yanayomfanya mtoto achubuke kwa kuguswa kidogo tu. Daktari huyapima haya yote kabla hajaandika. Akiona ni ugonjwa, ataandika ugonjwa, na mama atakwenda nyumbani bila lawama. Kwa hiyo anayesema kweli asimwogope daktari. Dalili ya kutia shaka ni maneno ya mleta mtoto yasiyolingana na jeraha, kama yale ya mtoto wa miezi sita aliyetembea.

MAMA: Mwalimu, nina swali, lakini ni la aibu.

MWALIMU: Uliza, Mama. Aibu si yetu sisi tunaouliza.

MAMA: Mtoto akinajisiwa?

MWALIMU: Tuseme waziwazi, kwa sababu kunyamaza ndiko kunakomsaidia mwovu. Mwaka 2009 serikali pamoja na UNICEF na wataalamu wengine walifanya uchunguzi katika Tanzania, na matokeo yakatolewa mwaka 2011. Walioulizwa walikuwa vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 katika kila 10 walisema waliwahi kutendewa ukatili wa kijinsia kabla hawajafika miaka 18. Kwa wavulana alikuwa karibu 1 katika kila 7. Kwa hiyo hata wavulana hutendewa. Andikeni mambo manne.

Moja. Mtoto asiogeshwe kwanza, wala nguo zake zisifuliwe. Najua moyo wa mama unataka kumsafisha. Lakini maji huondoa ushahidi ambao daktari anautafuta. Nguo zitiwe katika mfuko wa karatasi au zifungwe katika kitambaa safi. Mfuko wa plastiki huzitia unyevu, zikaoza.

Mbili. Afike kwenye matibabu upesi iwezekanavyo, siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hazifai kuanzishwa baada ya saa 72 kupita, yaani siku tatu, nazo hunywewa siku 28. Msichana aliyekwisha kuvunja ungo hupewa pia dawa ya kuzuia mimba. Lakini hata siku tatu zikiwa zimepita, mleteni. Bado kuna matibabu, na bado kuna sheria.

Tatu. Mtoto asiulizwe na kila mtu. Akihojiwa na shangazi, na jirani, na mwenyekiti, na umati wa watu uwanjani, huumia upya, na maneno yake huanza kuchanganyika na maneno ya watu. Msikilizeni, mwambieni hana kosa, kisha mpelekeni kwa watu waliofundishwa kazi hiyo. Katika polisi lipo Dawati la Jinsia na Watoto. Katika hospitali nyingine ziko huduma za mkono kwa mkono, ambapo daktari, polisi na afisa ustawi wa jamii hukaa mahali pamoja, ili mtoto asizungushwe mji mzima akirudia habari ile ile.

Nne. Daktari asipoona jeraha, shauri halijafa.

MZEE: Hapo sijaelewa. Daktari akisema hakuona kitu, mahakama itaamini nini?

MWALIMU: Swali zuri. Mara nyingi mwili wa mtoto hupona upesi, au tendo halikuacha alama. Kutoona alama si kusema halikutendeka. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilieleza kwamba maoni ya daktari yaweza kusaidia kuonyesha kwamba tendo lilikuwapo, lakini ushahidi wa kweli wa kubakwa hutoka kwa yule aliyetendewa. Na tangu sheria ya ushahidi ilipobadilishwa mwaka 2016, mtoto asiyezidi miaka 14 aweza kutoa ushahidi bila kuapa, maadamu aahidi mahakama kwamba atasema kweli wala hatasema uongo. Kwa hiyo mtoto ni shahidi. Daktari ni shahidi wa pili anayesimama karibu naye. Adhabu ya kubaka ni kifungo kisichopungua miaka 30, na kwa anayembaka mtoto wa kike chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha.

Haya, tupumzike kidogo. Toeni sasa kadi za kliniki. Mama, kadi yako inaandikwa nini juu kabisa?

MAMA: Jina la mtoto. Na hapa... tarehe ya kuzaliwa.

MWALIMU: Umeisoma mwenyewe?

MAMA: Nimeisoma mwenyewe, Mwalimu. Mwaka jana nilikuwa nikiibeba tu.

MWALIMU: Mpigieni makofi. Sasa sikilizeni kazi ya tarehe hiyo. Kijana akikamatwa kwa kosa, umri wake ndio unaoamua ashtakiwe wapi. Aliye chini ya miaka 10 hahesabiwi kuwa na hatia ya jinai. Aliye chini ya miaka 18 husikilizwa katika Mahakama ya Watoto, ambapo umati hauingii, na afisa ustawi wa jamii huwapo. Vilevile msichana akitendewa ubaya, mahakama itauliza umri wake. Ikiwa hakuna cheti cha kuzaliwa, hakimu hutazama maandishi mengine, na aweza kumtaka daktari akadirie umri kwa kutazama meno na mifupa. Lakini makadirio ni makadirio. Yaweza kupotea mwaka mmoja au hata miwili. Kijana wa miaka 17 aweza kuonekana wa 19, akapelekwa pamoja na watu wazima. Kadi iliyotunzwa vizuri, na cheti cha kuzaliwa hasa, humwondolea shida hiyo. Msiiache kadi darini ikaliwa na mchwa.

MZEE: Kumbe karatasi ndogo ina kazi kubwa.

MWALIMU: Ina kazi nyingine bado. Angalieni mstari wa uzito. Mtoto akila vizuri mstari hupanda. Tuseme ulipanda miezi minane, kisha ukaanza kushuka. Mwuguzi anampima mkono kwa utepe wenye rangi. Utepe unaonyesha nyekundu, yaani chini ya sentimita 11 na nusu. Anampa chakula cha dawa, mtoto anapata nafuu, anarudi nyumbani. Baada ya miezi miwili analetwa tena, utepe ni mwekundu tena. Kwa nini?

MAMA: Nyumbani hakuna chakula.

MWALIMU: Na kwa nini hakuna? Pengine mvua imekosa, nyumba zote zina njaa. Hilo si jambo la mahakama. Lakini pengine baba ameuza alizeti na vitunguu, fedha anazo, naye amehamia kwa mwanamke mwingine na kumwacha mama bila kitu. Hapo dawa ya mtoto haimo katika chupa.

Katika mji wa Boston, Marekani, daktari wa watoto Barry Zuckerman aliona jambo linalofanana na hili. Watoto wenye pumu walitibiwa, wakapona, wakarudi tena hospitali. Sababu ilikuwa nyumba zao: kuta zilikuwa na unyevu na ukungu, na mwenye nyumba hakutaka kuzitengeneza ingawa sheria ilimtaka. Daktari alijua sababu, lakini hakuwa na dawa ya kumtibu mwenye nyumba. Basi mwaka 1993 alimwajiri mwanasheria afanye kazi pale pale hospitali. Barua ya mwanasheria ikafanya kazi ambayo vidonge havikuweza.

MZEE: Kwetu Kinyangiri mwanasheria wa hospitali tutamtoa wapi?

MWALIMU: Tunaye mtu wa karibu zaidi. Ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Sheria ya Mtoto imesema wazi: mzazi anayeweza kumpa mtoto chakula, mavazi, malazi, matibabu na elimu, naye akakataa au akapuuza, habari zake zipelekwe serikali ya mitaa. Afisa huyo humwita mzazi na kuzungumza naye. Mara nyingi maneno hutosha. Yasipotosha, shauri hupelekwa mahakamani, na hakimu aweza kuamuru baba atoe fedha za matunzo, akitazama kipato chake na mahitaji ya mtoto. Na hapo mama atakwenda na ushahidi gani?

MAMA: Kadi hii.

MWALIMU: Naam. Mstari ulianza kushuka mwezi ule ule baba alipoondoka. Mwuguzi aliuandika akitibu, wala hakujua kwamba anaandika ushahidi. Ndivyo tiba na sheria zinavyosaidiana.

MAMA: Mwalimu, sasa nitauliza lililo gumu zaidi. Katika mkoa wetu watu husema mtoto wa kike akiwashwa au akitoa uchafu sehemu za siri ana lawalawa, na dawa yake ni kukeketwa. Wengine hufanya angali mchanga kabisa. Baadaye mama huogopa kwenda kliniki, asije mwuguzi akaona, akaita polisi. Mama huyo umwambie nini?

MWALIMU: Umegusa kidonda chenyewe. Nitakujibu bila kuficha. Tangu mwaka 1998 sheria ya Tanzania inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Adhabu ni kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini, au vyote viwili. Na bado katika uchunguzi wa afya wa mwaka 2015 na 2016, karibu wanawake 3 katika kila 10 wa mkoa wa Singida walikuwa wamekeketwa, wakati katika nchi nzima alikuwa 1 katika kila 10. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha hesabu ya Singida imeshuka hadi karibu 2 katika kila 10. Lakini watu wanaoogopa sheria pengine hawaachi, bali huwahamishia tendo watoto wachanga, kwa siri, kwa sababu mtoto mchanga hawezi kusema.

Sasa tazameni hasara. Mtoto aliyekeketwa akifichwa asiende kliniki, hukosa na chanjo. Kidonda kikiingia vijidudu, hakuna anayejua mpaka amezidiwa. Ameumizwa mara moja na wembe, na mara ya pili na hofu ya mama yake.

MZEE: Basi daktari afumbe macho, ili akina mama wasiogope?

MWALIMU: Hapana. Akifumba macho leo, atafumbiwa na mtoto wa pili na wa tatu katika nyumba ile ile. Lakini kazi yake ya kwanza ni kutibu, wala hamfukuzi mama, wala hamtukani mbele ya watu. Hatangazi siri ya mgonjwa sokoni. Huwaambia wale tu ambao sheria imewaweka. Kwa mama mwenye mtoto anayetoka damu nasema hivi: mpeleke mtoto sasa hivi. Shauri linaweza kungoja. Mtoto hawezi.

Na kwa mama ambaye bado hajafanya, neno langu ni fupi: kliniki kabla ya wembe. Kuwashwa huko na uchafu huo ni maambukizo ya kawaida ya watoto. Sababu yake mara nyingi ni nepi au nguo zenye unyevu, maji machache ya kuogea, au vijidudu vya njia ya mkojo. Hutibiwa kwa usafi na dawa. Kumkeketa hakutibu maambukizo. Kunaongeza jeraha juu ya ugonjwa. Mama akileta mtoto akiwa na lawalawa tu, hakuna kosa lolote alilofanya. Hakuna polisi, hakuna PF3. Kuna dawa, na mtoto anarudi nyumbani mzima. Afadhali daktari azuie shauri moja kuliko kutoa ushahidi katika kumi.

MZEE: Mwalimu, na bibi akisema mama asipokeketa mtoto atakufa?

MWALIMU: Mzee wangu, hapo ndipo sauti yako inapohitajiwa kuliko yangu. Bibi hatamsikiliza mtu wa redio. Atakusikiliza wewe. Nenda naye kliniki, amsikie mwuguzi, aone mtoto akipona kwa dawa.

MZEE: Nitakwenda.

MWALIMU: Haya, tukusanye somo. Mtoto mdogo hana maneno, au akiwa nayo huogopa. Daktari huusoma mwili wake na kuyaweka aliyoyaona katika karatasi. Lakini karatasi haina miguu. Mzazi, jirani au mwenyekiti wa kijiji huibeba kutoka kituo cha afya hadi polisi, hadi kwa afisa ustawi wa jamii, hadi mahakamani. Anayeweza kuisoma hawezi kudanganywa kuhusu yaliyomo. Hii ni sababu moja kubwa ya ninyi kukaa katika darasa hili jioni, baada ya kazi ya shamba.

Ukiona mtoto anateswa nawe hujui pa kuanzia, piga simu namba 116. Ni simu ya msaada kwa watoto, nayo haina malipo. Au nenda kwa mtendaji wa kijiji, au dawati la polisi, au kituo cha afya kilicho karibu. Mlango wowote kati ya hiyo ni mwanzo mzuri.

MTANGAZAJI: Sasa kila darasa linakili sentensi hii mara tatu, kwa herufi nzuri: "Daktari hutibu na kuandika, polisi hupeleleza, hakimu huhukumu, nasi hatunyamazi."

Maneno ya kujifunza

Ushahidi: maneno, maandishi au kitu kinachoonyesha mahakama lililotokea.
PF3: fomu ya polisi ambayo daktari huandika juu ya mtu aliyeumizwa.
Kizimba: mahali shahidi asimamapo mahakamani.
Matunzo: chakula, mavazi, malazi, matibabu na elimu ambavyo mzazi anatakiwa kumpa mtoto.
Makadirio: hesabu ya kukisia, isiyo kamili.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kazi ya daktari, ya polisi na ya hakimu zinatofautiana namna gani?
2. Kwa nini sentensi yenye kipimo cha jeraha ni bora kuliko sentensi yenye hasira?
3. Mtoto amenajisiwa. Taja mambo manne ya kukumbuka.
4. Tazama kadi ya kliniki ya mtoto wako. Mstari wa uzito unapanda au unashuka? Eleza sababu.
5. Wazee wa kijiji wanataka kumaliza kwa mbuzi shauri la mtoto aliyevunjwa mkono. Utawaambia nini?
6. Jirani yako anasema mtoto wake ana lawalawa. Utamshauri nini, nawe utakwenda naye wapi?